Namna ya kuandika historia ya kijiji chako, kabla ya boma na baada yake

Wengi wanaotaka kuandika historia ya kwao huanza na kabila: Wagogo walitoka wapi, asili ya Wasambaa ni ipi. Achana na kabila, anza na kijiji. Kabila ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na majibu yake yameshachapwa mara nyingi, kila mwandishi akimnakili mwenzake. Kijiji au kata ina wazee wanaohesabika, mito yenye majina, ukoo unaojua nani alimkaribisha nani. Tena ndiko athari za ukoloni, yaani za boma la serikali, zinakoonekana waziwazi: nani alikuwa akigawa ardhi na nani akaja kuipima, nani aliombea mvua na nani akalipwa mshahara wa ujumbe, yaani uongozi wa kijiji chini ya serikali.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Ukiufuata mwishoni mwa kila wiki, tenga miezi minne au mitano: mmoja wa kutembea, miwili ya wazee, iliyobaki ya nyaraka na kuandika. Vifaa ni vichache. Tafuta simu yenye nafasi ya kutosha, daftari mbili (moja ya shambani, moja ya kuchambulia), penseli, na ramani ya eneo lako ya mizani 1:50,000, ambayo hutolewa na idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi. Kwenye ramani hiyo sentimita moja ni mita 500, kwa hiyo hata mto mdogo na kilima cha kawaida vina nafasi.

Jitambulishe kabla hujatoa ramani

Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na barua, ya chuo, shule, kanisa, msikiti au hata ya ukoo wako. Omba dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji useme unatafuta nini. Hatua hii huonekana ya adabu tu, lakini ukiiruka kazi yote huharibika. Mtu anayezunguka vilimani na ramani, akiuliza boma la zamani lilikuwa wapi, hudhaniwa mambo matatu: anatafuta madini, anapima ardhi ili iuzwe, au anatafuta mali ya Mjerumani. Imani kwamba Wajerumani walizika rupia na dhahabu kabla ya kukimbia ina nguvu mikoa mingi, na watu wamechimbua makaburi na misingi ya majengo ya zamani kwa ajili yake. Sema hadharani kwamba huchimbi chochote, na usichimbe kweli: hata kigae cha chungu kiache kilipo, kipige picha, andika mahali.

Tembea kwanza, uliza baadaye

Kosa kubwa ni kukaa na wazee kabla hujaijua ardhi. Mzee hukumbuka kwa mahali. Ukimuuliza "zamani mliishije" atakupa hotuba. Ukimuuliza "ile miembe mitatu kule ng'ambo ya mto ni ya nani" atakupa jina, ugomvi na mwaka.

Anza na mahame, yaani mahali palipokuwa na watu na sasa hapana. Karibu kila kijiji cha Tanzania Bara kina mahame yake, kwa sababu kijiji unachokiona leo huenda hakikuwapo hapo kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, familia zilipohamishwa kukaa pamoja kandokando ya barabara. Usipolitambua hilo utaandika historia ya mahali ambapo babu zako hawakuwahi kulala. Ishara za mahame ni hizi:

- Miti ya kupandwa katikati ya pori: miembe, mibuyu iliyopangika, minyaa iliyokuwa ua wa boma la ng'ombe. Kwenye njia za misafara ya karne ya 19, hasa kati ya pwani, Tabora na Ujiji, miembe iliyofuatana ni dalili ya kituo.
- Mawe ya kusagia na mafiga yaliyozama ardhini, vigae, majivu meusi kwenye kingo za korongo.
- Mmea wa mpaka. Kilimanjaro ni masale. Kwingine ni minyaa au mti mwingine. Uliza ni upi, kisha fuata mstari wake.
- Makaburi, na mti au jiwe la tambiko. Haya usiyasogelee peke yako. Omba mwenye ukoo akupeleke.
- Alama za serikali: nguzo ndogo za saruji za upimaji, msingi wa mawe na chokaa wa ofisi au kambi, mstari wa barabara usiotumika, kuta za kisima.

Kila alama iwe na namba kwenye daftari na kwenye ramani: 1, 2, 3. Andika jina la mahali kama linavyotamkwa na watu wa hapo, halafu, pembeni, linavyoandikwa kwenye kibao cha serikali. Mara nyingi ni majina mawili tofauti, na la kibao ndilo aliloandika karani.

Chora pia vitu ambavyo havipo tena: msitu uliokatwa, chemchemi iliyokauka, malisho yaliyofungwa. Mipaka ya hifadhi ni tabaka muhimu la ukoloni ambalo watu husahau kulihesabu. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai wakaondolewa humo na kupelekwa Ngorongoro. Huko kusini magharibi na magharibi, vijiji vizima vilisogezwa na Waingereza kwa sababu ya malale. Ukikuta kwamba hakuna mahame yoyote ng'ambo ya mpaka wa hifadhi, tilia shaka. Kwa kawaida yapo, ila hakuna anayeruhusiwa kuyafikia.

Wazee: hesabu midomo, si miaka

Mzee wa miaka 80 leo alizaliwa katikati ya miaka ya 1940. Babu yake huenda alizaliwa kati ya 1885 na 1895. Maana yake Vita vya Maji Maji (1905 hadi 1907) viko midomo miwili tu nyuma yako, na kuja kwa Mjerumani vilevile. Lakini mambo ya 1800 yamepita midomo minne au mitano, na huko unapokea kile ukoo uliona una sababu ya kukitunza.

Kwa hiyo, kila taarifa iandikie chanzo cha aina tatu: aliona mwenyewe, alisikia kwa aliyeona (jina na udugu wake), au "inasemwa hivyo". Swali la kuuliza kila mara ni moja: "Hili ulilisikia kwa nani?" Likirudiwa kwa upole halimkeri mtu, na linakuokoa na mtego mbaya: habari iliyotoka kwenye kitabu cha shule au redio na kurudi kijijini kama simulizi ya babu. Ukisikia mzee anataja tarehe kamili ya vita ya kale, au neno la kitabuni kama "utawala usio wa moja kwa moja", jua umesimuliwa darasa la saba.

Miaka usiiulize. Uliza matukio, halafu wewe ndiye uyageuze kuwa miaka. Haya yanafanya kazi sehemu nyingi za Bara:

- Sotoka iliyoua ng'ombe: mwanzoni mwa miaka ya 1890. Funza wa miguuni waliingia muongo huohuo.
- Kodi ya nyumba ya Mjerumani: iliamriwa 1897, rupia 3 kwa nyumba ya shamba.
- Maji Maji kwa kusini: 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata.
- Vita ya Mjerumani na Mwingereza: 1914 hadi 1918. Uliza nani alichukuliwa kubeba mizigo na nani hakurudi. Homa kubwa ilifuata 1918 na 1919. Ugogo wana njaa yao, Mtunya, ya 1917 hadi 1920.
- Rupia kuondoka na shilingi kuingia: 1920 hadi 1922.
- Nzige: mwanzoni mwa miaka ya 1930.
- Vijana kurudi kutoka Burma, walikopigania Waingereza katika Vita Kuu ya Pili: 1945 na 1946.
- Mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea: 1947 hadi 1951.
- Uhuru 1961, kufutwa kwa uchifu 1963, Azimio la Arusha 1967, vijiji 1973 hadi 1976.

Njaa za mahali pako zina majina yake. Zikusanye zote kwa mpangilio, kisha tafuta angalau mbili unazoweza kuzifunga na mwaka kwa karatasi. Zilizobaki zitajipanga katikati.

Kurekodi: weka simu kwenye hali ya ndege ili isipigiwe, ilaze juu ya kitambaa (meza hutetemeka na sauti huvurugika), umbali wa hatua moja kutoka kwa msimulizi. Dakika 45 hadi 60 zatosha kwa siku. Baada ya hapo mzee hukubali kila unachosema ili aende akapumzike. Mwanzoni kabisa, sauti ikiwa inanaswa, taja tarehe, mahali, jina lake, na uliza ridhaa: unaweza kuandika jina lake? Kuna sehemu asiyotaka ichapwe? Fanya mahojiano kwa lugha ya nyumbani, hata kama ninyi wote mnajua Kiswahili, kwa sababu majina ya vyeo, matambiko na aina za ardhi hupotea ukiyahamisha papo hapo. Saa moja ya sauti huchukua saa tano hadi nane kuiandika, basi panga ukijua hivyo. Watu wengi hukusanya saa 40 za sauti na kuandika mbili.

Wasikilize wanawake, tena peke yao. Wazee wa kiume hupewa na kijiji kazi ya kusimulia wafalme na vita. Wanawake ndio wanaojua shamba gani liliachwa lini, mbegu gani ililetwa na nani, nani aliolewa kutoka ng'ambo, na nani aliletwa kama mateka akamezwa na ukoo. Hili la mwisho ni jambo zito, tutalirudia.

Orodha za machifu zinahitaji hesabu yake. Tuseme umepewa majina tisa kutoka mwanzilishi hadi yule aliyekuwapo 1925. Ukihesabu miaka 28 kwa kila jina unapata miaka 252, yaani mwanzo ni karibu 1673. Lakini ukiuliza vizuri ukagundua watatu kati yao walikuwa ndugu walioachiana kiti, vizazi ni saba, miaka ni 196, na mwanzo unasogea hadi 1729. Tofauti ya zaidi ya nusu karne imetokana na swali moja ambalo halikuulizwa. Kwa hiyo, baada ya kila jina uliza: "Huyu alikuwa nani kwa yule aliyemtangulia?" Tena jihadhari na orodha ndefu mno. Miaka ya 1920 Waingereza walipokuwa wakitafuta watawala wa asili wa kuwapa mshahara, ukoo wenye orodha ndefu ulikuwa na hoja nzito mbele ya bwana shauri, yaani afisa wa wilaya. Orodha nyingi zilinyooshwa wakati huo.

Karatasi: kila moja iliandikwa kwa ajili ya kitu

Hapo ndipo uende kwenye nyaraka, ukiwa na ramani yako yenye namba, majina ya wazee wa zamani na njaa zao. Ukienda mikono mitupu, jalada litakuambia lenyewe nini ni muhimu, na kilichokuwa muhimu kwake ni kodi, vibarua na utulivu.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina jengo lake Upanga, mtaa wa Vijibweni, Dar es Salaam. Ulizia mapema masharti ya siku hizo: barua ya utambulisho, ada, ruhusa ya kupiga picha. Ndani ni penseli tu, si kalamu ya wino. Utapewa orodha, utajaza fomu kwa namba ya jalada, utasubiri liletwe. Andika marejeo kamili ya kila ukurasa kabla ya kusoma: kundi la nyaraka, namba ya jalada, namba ya ukurasa ndani ya jalada, tarehe, nani kaandika na nani kaandikiwa. Nukuu isiyo na namba hutaipata tena, na hakuna atakayeiamini.

Omba kwanza kitabu cha wilaya yako. Waingereza waliwataka maafisa wao wa wilaya kutunza kitabu chenye historia ya watu, ukoo wa watawala, sheria za ndoa na ardhi, mipaka, kodi, idadi ya watu na mifugo. Vingi vipo kwenye filamu ndogo za kusomwa kwa mashine. Wahispania walifanya jambo kama hilo Meksiko karne nyingi kabla: mwaka 1577 Mfalme Philip II alituma maswali 50 kwa kila mji, na majibu mengine yalirudi na ramani zilizochorwa na wachoraji wenyeji, zenye vilima na mito kwa alama zao wenyewe. Tofauti kwetu ni kwamba mchoro wa mwenyeji karibu haupo. Kalamu ilikuwa ya afisa, na katikati yake alikuwa mkalimani na karani.

Soma kitabu cha wilaya kwa maswali manne. Kiliandikwa mwaka gani? Ukurasa wa baada ya 1925, Donald Cameron alipokuja kuwa gavana na kusimamisha mamlaka za wenyeji kwa sheria ya 1926, mara nyingi unajenga hoja ya kumpa fulani uchifu. Afisa alikaa miaka mingapi wilayani? Wengi walihamishwa baada ya muda mfupi. Nani alikuwa mkalimani, na ni wa ukoo gani? Mwisho, nani hakuulizwa? Ukoo unaokosekana kabisa kwenye kitabu wakati wazee wote wanautaja ni habari kubwa kuliko sura nzima ya wanaotajwa.

Nyaraka za Kijerumani zina ugumu mwingine. Nyingi za wilayani zilipotea wakati wa vita, na zilizobaki zimeandikwa kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Lakini ramani za 1:300,000 zilizochapwa Berlin zinasomeka na mtu yeyote mwenye subira; sentimita moja ni kilomita tatu, na zinaonyesha vijiji, njia, visima, mara nyingine hata jina la jumbe. Tatizo ni tahajia. Jifunze kubadilisha hivi: tsch ni ch, sch ni sh, dj au dsch ni j, j peke yake ni y, s kati ya irabu huenda ikawa z, ss ni s, mu mwanzoni mara nyingi ni mw. Ndiyo maana Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, Arusha ni Aruscha, Songea ni Ssongea, Mpwapwa ni Mpapua. Kijiji kinachoitwa Mchanje ungekitafuta kwenye Mtschandje. Miji mingine ilibatizwa upya kabisa: Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg. Hata watu: ukitafuta Wanyakyusa kwenye karatasi za Kijerumani hutawaona, kwa sababu Wajerumani waliwaita Konde.

Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin, kundi R 1001, na mengi yamewekwa kwenye mtandao. Ya Uingereza kuhusu Tanganyika yako Kew, London, kundi CO 691. Anayefanya kazi hii Kenya aanzie Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, kisha atazame Kew kundi FCO 141: hayo ni majalada yaliyoondolewa makoloni yalipokaribia uhuru na kufichwa hadi 2011, yalipofichuka kupitia kesi ya wazee wa Mau Mau. Kukosekana kwa jalada hakumaanishi jambo halikutokea. Mengine yalichomwa kwa makusudi.

Rejista za misheni ni hazina isiyotumika inavyostahili. Rejista ya ubatizo ya Kikatoliki ina safu za jina, wazazi, msimamizi, mahali na tarehe, kwa Kilatini. Ukijua maneno kumi unaisoma yote. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walilazimika kuweka shajara ya kila siku katika kila kituo, na humo utakuta mvua, nzige, ugomvi wa jumbe na mateka waliokombolewa. Huko Karema walifika 1885. Waluteri wa Bethel walianza Mlalo 1891, Wamoravia Rungwe mwaka huohuo, Wabenediktini Peramiho 1898. Omba kwa paroko au mchungaji, na usiombe kuondoka na kitabu. Kasoro ya chanzo hiki ni wazi: asiyebatizwa hayumo, na aliyekuwa na wake wanne ameandikwa kama mwenye dhambi.

Kuna pia karatasi za Kiswahili chenyewe. Gazeti la Kiongozi lilitoka Tanga enzi za Mjerumani. Mambo Leo lilianza 1923 na kubeba barua na historia fupi za makarani na walimu kutoka wilaya mbalimbali. Hao walikuwa watu wa serikali, ndiyo, lakini waliandika kwao, na mara nyingine wanabishana na chifu kwa majina. Kwa pwani ongeza barua na hati za wakfu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo bado ziko masandukuni majumbani.

Kuviweka pamoja: mfano wa Usambara

Chukua karatasi kubwa, uigawe safu tano: kabla ya misafara, wakati wa misafara na bunduki, Mjerumani, Mwingereza, baada ya uhuru. Kwenye mistari andika maswali, si matukio: nani aligawa ardhi, nani aliita mvua, nani alikusanya ushuru au kodi, kazi ya lazima ilikuwa ipi, chakula kikuu kilikuwa nini. Kisha jaza kila kisanduku kwa namba za ramani na namba za vyanzo.

Kwa Usambara mstari wa "nani alitawala" unaonyesha jinsi kazi inavyokuwa. Safu ya kwanza: ukoo wa Wakilindi wakikaa Vuga, mfalme, aliyeitwa Simba Mwene, akiaminiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua na kuizuia, na vijiji vya mlimani vikipeleka ushuru juu. Safu ya pili: mfalme Kimweri ye Nyumbai anafariki 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde chini kwenye njia ya misafara, anapata bunduki kwa biashara, nguvu zinateremka kutoka mlimani kwenda tambarare, na vita vya ndani vinajaza watu kwenye misafara ya watumwa. Ukiishia hapo utasema Wakilindi walikwisha. Safu ya tatu: Wajerumani wanatawala kwa maakida (wasimamizi wa maeneo waliowateua wao) na majumbe, walowezi wanapanda kahawa, reli kutoka Tanga inafika Mombo 1905, na wakazi wanapewa kadi za kuwalazimisha kufanya kazi kwa walowezi siku 30 kila miezi minne. Hapa swali la mvua linatoweka kwenye karatasi, lakini halikutoweka vijijini. Safu ya nne: Waingereza wanaurudisha ufalme wa Wakilindi kama mamlaka ya wenyeji, safari hii wenye mshahara, hazina na mahakama, lakini wenye wajibu kwa bwana shauri wa Lushoto. Mwaka 1946 ukaanza mradi wa Mlalo wa kuzuia mmomonyoko: kila mwenye shamba la mteremko alime matuta. Matuta yalikula nguvu kazi, hasa ya wanawake, na chifu ndiye aliyetakiwa kuwatoza faini wanaokataa. Mradi uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950 watu walipoukataa katakata. Safu ya tano: uchifu ukafutwa 1963.

Sasa tazama mstari mzima. Chifu aliyekataliwa kwa sababu ya matuta hakuwa mtawala yuleyule wa Vuga ya 1850, hata kama damu ni moja. Wa kwanza watu walimpa ushuru wakitarajia mvua. Wa pili alipokea mshahara kutokana na kodi. Ukiandika tu kwamba "Wasambaa walitawaliwa na Wakilindi kwa karne nyingi hadi uhuru", maneno yanaonekana ya kweli lakini habari yenyewe imepotea. Hii ndiyo faida ya safu: inakulazimisha kuuliza cheo kilekile kilifanya kazi gani katika kila zama.

Vyanzo vikigongana usivisuluhishe haraka. Mzee anasema mpaka wa kata ulikuwa mto, karatasi ya 1931 inasema ni kilima. Andika vyote viwili, kisha uliza nani alifaidika na kilima. Kanuni ya kufanyia kazi: kwa tarehe, amri na kiasi cha kodi, iamini karatasi zaidi, kwa udugu, ardhi na sababu za ugomvi, waamini wazee zaidi, kwa idadi ya watu kabla ya sensa ya 1948, usimwamini yeyote bila kuona alivyohesabu. Maafisa wengi walihesabu nyumba zilizolipiwa kodi na kuzizidisha kwa makisio ya watu wa kila nyumba, na wakwepa kodi hawakukaa nyumbani kusubiri kuhesabiwa. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967.

Yasiyochapwa, na kurudisha kazi

Kuna mambo manne utakayoyajua na hutayaandika kama yalivyo. Asili ya utumwa ya ukoo ulio hai: andika kwamba mateka walipokelewa kijijini, usitaje nani ni kizazi cha nani. Mahali hasa pa tambiko na makaburi ya watawala: taja kata, usitoe vipimo vya mahali vinavyoonyeshwa na simu, wachimba rupia wanasoma mtandao. Mpaka wa shamba lenye kesi: maandishi yako yatapelekwa barazani kama ushahidi, ukitaka usitake. Na aliyekuwa karani au mgambo mkali wa operesheni ya vijiji, ikiwa bado yuko hai au watoto wake wako pale: eleza cheo, si jina.

Rasimu ikiwa tayari, usiichape. Isome kwa sauti kwenye mkutano, sehemu moja moja, dakika ishirini kila mara, na mtu mwingine aandike masahihisho. Tegemea mabishano kuhusu majina ya machifu na ukoo uliotangulia kufika. Weka kila dai la upande mwingine kwenye maandishi, likiwa na jina la aliyelitoa kama ameridhia. Badilisha, kisha soma tena palipobadilika.

Toa nakala angalau tano: shule ya msingi, ofisi ya mtendaji, ukoo uliokukaribisha zaidi, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Nyaraka za Taifa. Faili za sauti zihifadhi mahali pawili tofauti, kila moja ikiwa na jina la aina hii: mwaka-mwezi-siku, kijiji, herufi za mwanzo za msimulizi, namba. Ukurasa wa kwanza wa kila nakala uonyeshe tarehe ya toleo, sauti ziko wapi, na nani wa kupelekewa masahihisho, kwa sababu yatakuja.